King Majuto: Nani Alisema Kichekesho si Fasihi?

Makala haya yalianza kama ugomvi. Jumamosi moja, kwenye kikao chetu cha waandishi chipukizi pale Temeke, kila mmoja aliambiwa ataje msanii atakayemwandikia uhakiki. Mmoja akasema Shaaban Robert. Mwingine akasema Kezilahabi. Dada mmoja anayetoka Kinondoni kwa daladala mbili kila wiki akasema Said Ahmed Mohamed, na sote tukatikisa vichwa kama wazee wa baraza. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Mimi Mzee Majuto."

Kikao kizima kikacheka.

"Umeona?" akasema jamaa mmoja, ambaye ni rafiki yangu na ninamheshimu kwa mashairi yake. "Umemtaja jina tu, watu wamecheka. Hiyo ndiyo sifa yake yote. Yule mzee hana andiko hata moja. Utahakiki nini, vicheko?"

Sikumjibu siku ile. Mimi ni mtu wa kupata jibu nikiwa kitandani saa sita ya usiku. Jibu lenyewe ndilo hili, na naomba mhariri asilikate sana.

Kwanza nikiri kosa. Shuleni tulifundishwa fani na maudhui mpaka tukaota. Wahusika, mandhari, mtindo, muundo, matumizi ya lugha, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Kwa mwalimu wetu fasihi simulizi ilikuwa ngano za sungura na vitendawili, vitu ambavyo hakuna mtu mtaani kwetu aliyekuwa akivisema. Kengele ikilia tunavua mashati ya shule, tunakwenda kibanda cha video kule Tandika kumtazama Mzee Majuto, na kesho yake kwenye mtihani tunaandika kwamba fasihi simulizi inakufa. Mimi mwenyewe niliandika hivyo, nikapata alama saba kwa kumi.

Kibanda chenyewe ulikuwa unakijua, hata kama hukuwahi kuingia changu. Mabati, mabenchi ya mbao yasiyopigwa randa, blanketi mlangoni ili jua lisiingie, televisheni ya chogo juu ya meza ndefu, na joto la kuivisha ndizi. Kiingilio shilingi 200. Mchana ni mikanda ya ngumi, mtafsiri anapiga kelele juu ya sauti za Wachina. Jioni ni Bongo. Nilichokiona pale, na nilikuwa mdogo sijui maana yake, ni kwamba siku ya mkanda wa Majuto waliingia watu ambao siku nyingine hawaingii. Akina mama waliokuwa wakikipita kibanda kama wanapita kilabu cha pombe, siku hiyo waliketi benchi la mbele na watoto mapajani. Mzee mmoja muuza kahawa aliacha birika lake kwa jirani. Na walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Anatokea kwenye kioo, amesimama mlangoni tu, watu hoi.

Kwa hiyo swali la rafiki yangu mshairi ni zuri kuliko alivyokusudia. Kwa nini watu wacheke kabla? Sura ya kuchekesha peke yake haitoshi. Mtaani kwetu wapo watu wenye sura za kuchekesha wasiochekesha mtu, na baadhi yao wanadaiwa kodi.

Nadharia yangu ni hii: Majuto alikuwa msikilizaji. Mtazame tena, lakini safari hii usimtazame anapoongea. Mtazame mwenzake anapoongea. Waigizaji wetu wengi mwenzao akisema, wao wanasubiri zamu, macho yamekufa, unamwona kabisa anakariri neno lake linalofuata. Majuto anasikiliza kama mtu anayepigiwa hesabu ya deni. Mtoto anaomba hela. Mzee hajibu. Anamwangalia mtoto, anaangalia mfuko wa shati, anarudi kwa mtoto, kana kwamba aliyeombwa ni shati na yeye ni shahidi tu. Hapo hakuna neno lililosemwa, lakini benchi zima limeshajua kwamba hela ipo, kwamba haitatoka, na kwamba sababu itakayotolewa itakuwa ya uongo. Neno likija, linakuja juu ya kicheko ambacho kimeshaanza. Ndiyo maana tulikuwa tukikosa kusikia nusu ya maneno yake na hatukulalamika.

Halafu ile sauti, inayopanda ghafla kama mtu aliyekanyaga msumari, na lafudhi ya Tanga ambayo hakujaribu kuificha. Hili msilidharau. Miaka ile redio na televisheni zilikuwa na Kiswahili chao kilichopigwa pasi. Yeye aliongea kama watu wanavyoongea barazani kwao, na nchi nzima ikamwelewa, Mwanza mpaka Mtwara. Sisi tunaotaka kuandika riwaya bado tunawafanya bibi zetu waongee kama taarifa ya habari.

Sasa maisha yake, kwa kifupi, maana wengi wanamjua Majuto mzee tu, kana kwamba alizaliwa na mvi. Jina lake ni Amri Athumani. Alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alianza kupanda jukwaani mwaka 1958, akiwa mtoto wa miaka tisa hivi. Hebu simama hapo kidogo. Mwaka 1958 Tanganyika bado iko chini ya Mwingereza. Uhuru bado miaka mitatu. Televisheni hakuna. Wenzetu wa Zanzibar walianza kuwa nayo miaka ya 1970, na huku bara televisheni tuliiona mwaka 1994, zilipofunguliwa zile stesheni za watu binafsi kama ITV na DTV. Majuto alikuwa na miaka 46. Mtu tunayemwita mwigizaji wa televisheni na video alikaa miaka 36 bila televisheni, akichekesha watu anaowaona kwa macho, ambao kama hawakucheka anasikia kimya chao.

Mimi naona hilo ndilo lililomfanya. Kamera haikufundishi lini watu wamechoka. Ukumbi unakufundisha, na unakufundisha kwa aibu.

Hata jina nalo. Mchekeshaji anayeitwa Majuto! Majuto ni mjukuu, wanasema wazee, huja baadaye. Kisha akalitanguliza na "King", akawa mfalme wa kujutia. Sijui kama alikaa akalifikiria kama ninavyolifikiria mimi hapa, lakini ukitazama visa vyake vingi, vinakwenda hivyo hivyo: tamaa mwanzoni, majuto mwishoni, na katikati mbio.

Anatajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kurekodi vichekesho kwenye mikanda na kuviuza, kabla ya hii tunayoiita Bongo muvi kuwa na jina. Zikaja VCD, zikaja DVD, akahama nazo. Mwaka 2003 ilipotoka Girlfriend na vijana wote wakataka kuwa mastaa wa mapenzi, majumba ya ghorofa na magari ya kuazima, yeye alikuwa na miaka 55, na soko jipya likamkuta yuko tayari. Akaigiza na vijana ambao angeweza kuwa babu yao. Akaigiza na Sharo Milionea, yule kijana wa Tanga aliyefariki kwa ajali ya gari kule Muheza Novemba 2012, na wale wawili pamoja walikuwa kitu cha ajabu: mmoja anajidai hajawahi kula ugali, mwingine anajidai hajawahi kuona kijana wa namna hii. Akaigiza na JB katika Nakwenda kwa Mwanangu, jina ambalo peke yake ni kisa kizima: mzazi, safari, mji, na mwana ambaye huenda hataki kuonekana na mzazi.

Hapa nataka nimpeleke msomaji nyuma kidogo, maana kuna watu wanadhani mzee wa kuja mjini ni kitu alichokibuni Majuto. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilipigwa filamu ya Kiswahili hapa kwetu, ikiitwa Muhogo Mchungu, na aliyeigiza ni kijana mmoja aliyeitwa Rashidi Kawawa. Ndiyo, huyo huyo Kawawa aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, Simba wa Vita. Mtu wa kutoka shamba anaingia mjini na mji unamzunguka. Serikali ya kikoloni ilipenda visa vya namna hiyo, maana vilimfundisha Mwafrika kwamba mjini si pake. (Jina la Muhogo Mchungu likaja kupata mwenyewe mwingine baadaye, mchekeshaji wa kizazi cha akina Majuto. Majina mazuri hayafi.)

Baadaye vikaja vikundi. Wazazi wetu ndio wanaoijua vizuri ile miaka ya 1980 na 1990 ya Muungano Cultural Troupe, Mandela, na kuanzia 1992 TOT ya Kapteni Komba. Jioni moja ukumbini unapata ngoma, sarakasi, taarabu, kichekesho na igizo, yote kwa tiketi moja, bia ikizunguka. Mama yangu anasema alipokuwa msichana hakuwahi kuona mtu anaondoka kabla ya igizo kwisha, hata kama daladala za mwisho zinaondoka. Na katika maigizo yale, kama alivyonisimulia, mwandishi hakuwepo kwa maana yetu ya kalamu. Kiongozi wa kikundi anatoa kisa, mnakaa, mnagawana watu, mnakijenga kwa mdomo, mnajaribu, mnapunguza. Kikiingia ukumbini kinaendelea kubadilika. Leo hapa wamecheka, basi kesho hapo parefushwe.

Huo ndio utaratibu ambao ulihamia kwenye video. Na hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia pia, nitaeleza.

Lakini kwanza tofauti yake. Mshamba wa zamani alikuwa mjinga na mji ukawa mwerevu. Mzee wa Majuto si mjinga hata kidogo. Ni bahili, ni mwongo, ana wivu, anapenda vitoto vya kike, anataka heshima ya mzee na starehe ya kijana kwa wakati mmoja. Mji haumshindi kwa sababu hajui kutumia lifti. Anashindwa na nafsi yake, na mara nyingine anashinda, halafu ushindi wenyewe unamtia aibu. Tulimcheka kwa sababu tulimjua. Kila nyumba ya Temeke ina mzee wa namna ile, anayejificha na kuku wake wa kukaanga, na anayetoa nasaha msibani. Huyo ni mhusika, waheshimiwa. Mhusika kamili, mwenye mwili na tabia na siri, ambaye ukimtoa kwenye mkanda mmoja ukamtia mwingine unamjua bila kutajiwa jina. Ni waandishi wangapi wa vitabu wana mhusika wa aina hiyo?

Sasa lawama, maana nisipozitoa mtasema nimeandika tanzia.

Mikanda mingi ya Mzee Majuto ni mibovu. Naisema kwa heshima, lakini naisema. Inaanza vizuri, dakika ishirini za mwanzo unashika mbavu, kisha kisa kinaisha na mkanda haujaisha. Basi watu wanatembea. Gari linaegeshwa, mlango unafunguliwa, mtu anashuka, mlango unafungwa, anatembea mpaka getini, anagonga, anafunguliwa, wanasalimiana, habari za nyumbani, na muziki unapigwa juu ya yote hayo. Kisa cha saa moja kikavutwa kiwe sehemu ya kwanza na sehemu ya pili ili ununue DVD mbili. Halafu wasichana. Kazi ya msichana katika mikanda ile ni kuvaa kifupi, kumfanya mzee atoe macho, na kupokea hela. Sikumbuki hata mmoja aliyepewa nafasi ya kuwa mchoyo, au mwoga, au mchekeshaji yeye mwenyewe. Dada wa Kinondoni aliniambia hili kabla sijaliona, nami nikabisha, kisha nikaenda kutazama upya mikanda minne, nikarudi nimenyamaza.

Nani wa kulaumiwa? Nitakwambia kisa changu, halafu uamue.

Mwaka 2021, nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nina kaunta buku tatu zilizojaa. Nikasikia kuna kampuni ndogo ya filamu inatafuta visa. Sitaitaja. Nikawapelekea skripti ya kurasa 64, nimeiandika kwa mkono kisha nikalipia kuchapisha. Baba mmoja wa Mbagala anagundua kwamba mwanawe ameuza kiwanja cha urithi. Kulikuwa na ukurasa wa 31, ambao kwangu ulikuwa ndio moyo wa kazi nzima: baba anaambiwa habari ile, na anatoa hotuba ya kurasa tatu juu ya ardhi, makaburi ya wazee, na usaliti. Nilipoiandika nililia.

Dairekta alifungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho, akasema, "Dogo, wasanii hawasomi. Nisimulie." Nikamsimulia, dakika kumi. Akaniambia niende nao lokesheni siku ya kupiga picha, nikapewa nauli, shilingi 10,000. Karatasi ya makubaliano haikuwepo, wala mimi sikuiuliza. Niliona haya. Niliogopa nikiuliza wataniona mswahili.

Baba aliigizwa na mzee mmoja aliyetoka kwenye vile vikundi vya zamani, si mtu wa jina. Asubuhi ile alisimuliwa kisa akiwa anakunywa chai kibarazani. Akauliza maswali mawili tu: kiwanja kiko mbali gani na nyumbani, na mtoto huyu ni wa ngapi kuzaliwa. Basi. Nilimfuata na ukurasa wangu wa 31, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mzee, hapa kuna maneno. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Marahaba mwanangu. Kaa hapo utazame."

Kamera ikawaka. Akaambiwa kiwanja kimeuzwa. Yule mzee akakohoa. Kikohozi kimoja, kirefu, cha mtu ambaye kitu kimemkwama, akapapasa chini ya kiti akitafuta kandambili zake, hakuzipata, akakaa tena. Akamwambia mwanawe, "Mwite mama yako."

Kurasa tatu zangu zote zilikuwa mle ndani. Makaburi yalikuwemo. Nilisimama nyuma ya mshika taa nikiwa na skripti yangu mkononi, na nilitamani kuila.

Mkanda ulitoka. Kisa ni changu, jina langu halimo. Nilipowafuata niliambiwa visa ni vya Mungu. Kwa hiyo nimeibiwa, na nimefundishwa, siku moja na mahali pamoja, na mpaka leo sijui nitenganishe vipi hasira na shukrani. Yule mzee naye, nilisikia baadaye, alilipwa siku ile ile mkononi, akaondoka na daladala kama mimi. Sehemu zilizobaki za mkanda, zile ambazo yeye hayumo, ni watu wanatembea getini.

Ndiyo maana nasema utaratibu wa mdomo ulikuwa na nguvu zake ukumbini. Kikundi kilikaa na kisa kwa wiki nyingi, na ukumbi ukakihariri. Video ilichukua nusu moja ya utaratibu ule, kwamba hakuna andiko, ikaiacha nusu ya pili, yale mazoezi na ule ukumbi. Asubuhi unasimuliwa, jioni umemaliza. Mtu wa kiwango cha Majuto aliweza kuokoa onesho kwa kikohozi. Wengine wote walizama. Na palipokosekana karatasi ya kisa, pakakosekana pia karatasi ya malipo. Kwa mawazo yangu ni ugonjwa mmoja.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, nami nilikuwa bado sijazaliwa. COSOTA ipo. Lakini sheria inaanza na karatasi, na sisi, wazee kwa vijana, tunaona haya kuuliza karatasi.

Tuje mwaka 2018. Januari tuliona picha za Rais Magufuli amemtembelea Mzee Majuto hospitalini. Mei akapelekwa India kutibiwa. Katika miezi hiyo hiyo ya ugonjwa wake ndipo nchi ikaanza kuuliza: sura hii tunayoiona kwenye matangazo, mikanda hii iliyouzwa mpaka Kongo na Omani, hela yake iko wapi? Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wakati huo, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na jina la Majuto likatajwa pamoja na la Steven Kanumba, ambaye alikuwa amefariki tangu Aprili 2012. Tarehe 8 Agosti 2018, Muhimbili, Mzee Majuto akaaga dunia. Alikuwa ametimiza miaka 70 mwezi huo huo. Wakubwa wa nchi walimuaga Karimjee, na Tanga ikamzika.

Mimi nilikuwa kidato cha nne. Nilisikia kwenye daladala ya Mbagala, konda alisema tu, "Majuto katutoka," na basi lililokuwa na zogo la saa mbili ya usiku likanyamaza, halafu mama mmoja akaanza kucheka. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amekumbuka kitu. Akakisimulia, na mwingine akaongezea chake, mpaka Rangi Tatu basi zima lilikuwa likicheka, na wengine wanafuta macho. Sijawahi kuona maiti anasindikizwa vile.

Wala si yeye peke yake. Mzee Small, Said Ngamba, mwingine wa kizazi kile, alipooza kwa kiharusi na akafariki Muhimbili Juni 2014. Jirani zetu Kenya wana Mzee Ojwang', Benson Wanjau, ambaye Vitimbi ya KBC isingekuwa Vitimbi bila yeye na Mama Kayai. Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo kwa miaka mingi kiasi kwamba watu walikataa kuamini. Macho yake yalipoharibika ilibidi wananchi wachange. Akafariki Julai 2015. Watatu hawa, miaka minne tu, na kila mara habari ni ile ile: taifa linacheka, taifa linachanga.

Rafiki yangu mshairi akisoma hapa atasema nimekwepa swali. Nimesema Majuto alionewa, sikusema yeye ni fasihi. Haya. Fasihi, nilivyofundishwa, ni sanaa inayotumia lugha kumchora binadamu. Majuto alimchora binadamu mmoja, mzee wa pwani mwenye tamaa na haya, kwa miaka mingi, kwa lugha ya barazani, mbele ya watu ambao wengi hawajawahi kununua kitabu na hawana mpango. Kama hiyo si fasihi, basi naomba nitajiwe jina la kitu hicho ili nikahamie huko. Kinachokosekana ni andiko. Kukosekana kwake hakumpunguzi yeye, kunatudai sisi. Tulikuwa wapi, sisi wenye kaunta buku? Tulikuwa tunaandika hotuba za kurasa tatu.

Kizazi cha sasa hakihitaji kibanda. Vichekesho ni dakika moja kwenye simu, na wapo vijana hodari sana humo, sitawadharau. Lakini naona wanachekesha mwanzo tu. Hakuna aliyepata nafasi ya kukaa na mhusika mpaka mhusika azeeke naye. Dakika moja haikohoi.

Na mikanda ile inapotea. Kibanda changu cha Tandika sasa ni duka la vifaa vya simu. DVD tulizokuwa nazo nyumbani zimechunwa na watoto, zinaning'inizwa kufukuza ndege. Vilivyowekwa kwenye mitandao ni vipande vimekatwa na watu wasiojulikana, bila tarehe, bila majina ya wenzake aliocheza nao. Za zamani kabisa, zile za kabla ya VCD, mimi sijaziona hata moja. Ninamhakiki mtu ambaye nusu ya kazi yake sijaitazama, na hilo linaniuma kuliko kuchekwa kikaoni.

Kwa hiyo naomba. Kama wewe msomaji, au baba yako, au mjomba wako wa Tanga, mna mikanda ya VHS au kaseti za vichekesho vya Majuto kwenye sanduku lolote chini ya kitanda, msiitupe. Niazimeni. Yupo fundi Tandika mwenye deki inayofanya kazi, tumekubaliana bei. Nipo kwenye kikao kila Jumamosi kuanzia saa nane, Temeke, na nitairudisha.